Yadi zinazopotea baada ya miaka 50: mwongozo kwa mcheza gofu wa kando ya ziwa

Mtu aliyezoea kucheza gofu Dar es Salaam, akahamia Mwanza akiwa na miaka hamsini na kitu, anaweza kudanganyika msimu mzima. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, haiushiki sana mpira, na mpira unakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 4. Aliyekuwa anapiga yadi 200 pwani anapata kama 208 huku bila kuongeza chochote mwilini.

Mimi nilihamia nikiwa na miaka 54. Nikaona draiva yangu, ile fimbo ya kupigia mbali zaidi, inafika palepale ilipokuwa inafika zamani, nikaamini umri haujanigusa. Kumbe umenigusa, ila mwinuko umeuficha. Nilipoteremka pwani kucheza baada ya miaka miwili, nilipungukiwa na zaidi ya yadi 10 kwenye mashimo niliyoyajua vizuri, na shimo nililolizoea kufika grini, yaani nyasi fupi zinazolizunguka shimo, kwa mikwaju miwili likanidai mitatu.

Tangu hapo nimelifuatilia jambo hili kwa bidii, kwa sababu naona wenzangu wengi wa rika langu wanaacha mchezo kwa kukata tamaa, na wengine wanaumia migongo kwa kulazimisha. Ninaamini hivi: umri huchukua kasi kabla haujachukua nguvu, na kasi ina mazoezi yake yenyewe. Mzee anayebeba ndoo mbili za maji bila kutetereka anaweza kuwa amepoteza yadi 25 za draiva, naye asielewe zimekwenda wapi, kwani nguvu anaiona bado anayo.

Hatua ya 1: Pima kabla hujalaumu umri

Tafuta uwanja wazi na mrefu, uende asubuhi na mapema kabla watu hawajaanza kukatiza. Asubuhi kwetu upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na kuanzia mchana hugeuka ukatoka ziwani. Ukipima leo saa moja asubuhi na mwezi ujao saa tisa alasiri, utakuwa umepima upepo. Chagua saa moja na upande mmoja, usibadilishe.

Piga mipira 10 kwa draiva. Mwenzako asimame pembeni kabisa, si mbele yako, aweke alama pale mpira unapoangukia. Usihesabu mahali ulipoishia. Ardhi ya Julai na Agosti ni ngumu kama sakafu, mpira unabingirika mbali. Aprili udongo umelowa, mpira unaanguka na kubaki hapohapo. Yadi za kubingirika ni za majira ya mwaka, za angani ndizo zako. Toa mipira miwili iliyokwenda mbali kuliko yote na miwili ya karibu kuliko yote, kisha tafuta wastani wa sita iliyobaki.

Kama huna kipimo cha rada, unaweza kukadiria kasi ya kichwa cha fimbo. Kwanza punguza asilimia 4 kwa ajili ya mwinuko, halafu gawanya yadi za angani kwa 2.3. Ukipata yadi 190 angani hapa Mwanza, ondoa kama 7 au 8, gawanya, utapata karibu maili 79 kwa saa, yaani kilomita 127 hivi. Kwa kulinganisha, mwanamume anayecheza kwa kupenda huzungusha draiva kwa wastani wa maili kama 93 kwa saa, na wale wa ligi kubwa ya Marekani wanavuka 113. Kila maili moja ya kasi ina thamani ya karibu yadi mbili na nusu. Ndiyo maana kupoteza maili 10 ndani ya miaka 15, jambo linaloweza kutokea bila mtu kuhisi, kunakula yadi 25.

Hesabu hiyo inakubali tu kama unaupiga mpira katikati ya uso wa fimbo. Kwa hiyo kuna kipimo cha pili, nacho kwangu ndicho muhimu kuliko vyote. Paka chaki ya shule kwenye uso wa draiva, piga, angalia alama. Futa, paka tena, piga. Alama zikikusanyika mahali padogo kama sarafu karibu na katikati, uligusa vizuri, na upungufu wako ni wa kasi kweli. Zikitawanyika kisiginoni na nchani, umri unausingizia bure. Mtu mwenye kasi ya maili 85 anaweza kupoteza karibu yadi 20 kwa kugusa vibaya peke yake. Nimewaona watu wa miaka 60 wakinunua draiva mpya ya bei kubwa, tatizo lao likiwa pale kwenye alama za chaki.

Hatua ya 2: Jua mwili umepunguza wapi

Misuli ya binadamu inaanza kupungua baada ya miaka 30, kati ya asilimia 3 na 8 kwa kila miaka kumi, na ikifika 60 mwendo unaongezeka. Lakini haipungui kwa usawa. Ndani ya misuli kuna nyuzi za polepole, zinazotufanya tutembee siku nzima, na nyuzi za haraka, zinazotufanya turuke, tutupe jiwe, tuzungushe fimbo. Za haraka ndizo zinazonyauka kwanza, pamoja na mishipa ya fahamu inayoziamrisha. Kwa hiyo mzee anaweza kupanda mlima wa Bugando kwa miguu kila siku na bado fimbo yake ikawa nzito hewani. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, ila nyuzi za haraka hakuziamshi.

Jipime kwa mambo matatu, yote nyumbani.

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, simama na kukaa mara tano haraka uwezavyo. Ukizidi sekunde 15, miguu yako ndiyo kazi ya kwanza, mengine yasubiri.

Kaa tena, magoti yakiwa pamoja, weka fimbo mabegani, geuza kifua kulia, kisha kushoto, bila nyonga kuondoka kwenye kiti. Unatakiwa ufike pembe ya nyuzi 45 kila upande, nusu ya njia kati ya kutazama mbele na kutazama ubavuni. Wengi wetu tuliokaa ofisini miaka thelathini hatufiki.

Simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kisha mwingine. Usipoweza, mwili unajua hauna mahali pa kusimama imara, nao wenyewe utazuia kasi ili usianguke. Hapo hata ukiamua kupiga kwa nguvu zote, mwili hautakubali.

Kama una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, au mgongo ulioshawahi kukulaza, muone daktari kabla ya hatua ya nne na ya tano. Na maumivu ya kifua wakati wa mazoezi si ya kusubiri yapite: acha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Rudisha mzunguko wa kifua na nyonga

Hii ni ya kila siku, dakika kumi. Zoezi lilelile la kiti ulilojipimia liwe mazoezi yako: geuka mara 10 kila upande, polepole, ukitoa pumzi unapofika mwisho, usilazimishe. Kisha lala ubavu, magoti umeyakunja, mkono wa juu uufungue kama mlango hadi bega liikaribie sakafu, mara nane kila upande. Kwa nyonga, kaa sakafuni, magoti umeyakunja, nyayo zimetanuka, uyaangushe yote mawili kulia, halafu kushoto.

Siku ya kucheza mambo ni tofauti. Kujinyoosha kwa kutulia muda mrefu kabla ya kupiga hakusaidii kasi. Tembea haraka, inua magoti, zungusha mikono, zungusha fimbo mbili kwa pamoja taratibu, halafu moja kwa kasi inayopanda. Dakika 15 zinatosha. Sisi wa Mwanza tunaosafiri kwa basi kwenda kucheza Kisumu kupitia Musoma na Sirari, au Entebbe kupitia Bukoba na Mutukula, tunashuka na nyonga zilizogandamana. Mimi siku hizi nafika siku moja kabla. Nilipokuwa nashuka na kwenda moja kwa moja tii ya kwanza, yaani mahali pa kuanzia kupiga, mashimo sita ya mwanzo nilikuwa nayachezea hasara.

Hatua ya 4: Miguu na kiwiliwili, mara mbili au tatu kwa wiki

Kasi ya fimbo inaanzia ardhini. Mguu unasukuma ardhi, nyonga inageuka, kifua kinafuata, mikono inakuja mwisho. Aliyepoteza miguu anatafuta kasi mabegani, na huko ndiko anakoumia.

Simama na kukaa kwenye kiti, mara 8 hadi 12, seti tatu. Ikiwa rahisi, shika ndoo ndogo kifuani. Panda ngazi mbilimbili. Mwanza tuna bahati ya vilima, huhitaji mashine. Beba ndoo mbili zenye lita 10 kila moja, utembee hatua 40 ukiwa umenyooka. Baada ya wiki chache ongeza maji. Zoezi hili la ndoo linakaza mikono ya kushikia fimbo, tumbo na mgongo kwa pamoja, na sijaona linalolishinda kwa mtu asiye na ukumbi wa mazoezi.

Halafu kurusha. Shona mfuko imara, weka mchanga kilo 2 au 3, simama kama unavyosimama kupiga mpira, uutupe kwa mikono miwili upande unaolenga, mbali uwezavyo. Mara tano, pumzika, mara tano tena, kisha upande wa pili. Mazoezi ya nguvu ya polepole yanarudisha misuli. Kurusha kunaifundisha misuli hiyo kuwahi. Usipofanya la pili, utakuwa na nguvu zaidi na yadi zilezile.

Acha siku moja ya kupumzika kati ya siku za mazoezi. Mwili wa miaka 60 unajenga polepole kuliko wa 30, na ukiukosesha pumziko haujengi.

Na chakula kiendane. Kwa umri wetu kipimo kinachopendekezwa ni gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 anahitaji kati ya 70 na 84. Hapa ziwani hatuna sababu ya kukosa: zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, kwa hiyo gramu 50 za dagaa zinakupa zaidi ya gramu 25. Sato mchana, mtindi, maharage, mayai. Igawe katika milo yote badala ya kuirundika usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila ushauri wa daktari.

Hatua ya 5: Zoezi la kasi yenyewe

Hapa ndipo wengi hawafiki. Tunapiga mipira mia kwa kasi ileile ya kila siku, na mwili unaizoea hiyo kama kasi yake ya juu. Kasi huongezeka ukiuomba mwili uende haraka kuliko ulivyozoea, ukiwa umepumzika, bila mpira wa kukuhangaisha.

Geuza draiva, uishike karibu na kichwa, mpini ukiwa chini. Imekuwa nyepesi sana. Zungusha kwa kasi yote uliyonayo na usikilize mvumo wake. Mvumo uwe mkali zaidi pale mpira ungekuwepo, au mbele yake kidogo. Ukiusikia nyuma ya bega la kulia, umeimaliza kasi mapema kwa mikono. Anza upya, uiache mikono ichelewe. Fanya mara tano, pumzika dakika mbili, rudia hadi seti tatu. Kisha seti moja upande wa kushoto kama wewe ni wa kulia, ili mgongo usijengeke upande mmoja. Malizia kwa mizunguko mitano ya draiva ilivyo kawaida, kwa kasi uliyokwisha kuiamsha.

Mara tatu kwa wiki, kabla ya mazoezi mengine, kamwe si baada ya kuchoka. Mvumo ukianza kulegea, siku hiyo imekwisha. Wiki mbili za kwanza nenda kwa asilimia 80 tu ili kano na viungo vizoee. Baada ya miezi miwili rudi uwanjani upime upya kama hatua ya kwanza. Mimi nilirudisha kama maili nne. Siahidi kila mtu atapata hizo, lakini sijakutana na aliyefanya kwa uaminifu akatoka mikono mitupu.

Kwa kupiga mipira karibu na nyumba, tumia wavu. Nenda mwaloni, wanakoshushia samaki, uliza wavu wa dagaa uliokwisha kutumika. Usichukue wa sangara, macho yake ni mapana na mpira wa gofu wenye kipenyo cha milimita 42.67 unapita bila kugusa. Ning'iniza tabaka mbili za wavu wa dagaa kwenye nguzo, ziwe zimelegea na kugusa chini, ili zimeze mpira. Wavu uliokazwa unaurudisha usoni kwako. Nyuma yake kusiwe na njia wala mlango wa mtu.

Hatua ya 6: Badilisha machache kwenye swingi, yaani namna unavyozungusha fimbo

Acha kisigino cha mguu wa mbele kiinuke unaporudisha fimbo nyuma. Tulifundishwa kukibana chini, lakini bingwa Jack Nicklaus alikiinua maisha yake yote, na alishinda mashindano makubwa ya Masters mwaka 1986 akiwa na miaka 46. Kisigino kikiinuka, nyonga inageuka zaidi, na kifua kigumu kinapata mahali pa kwenda. Kinaporudi chini ndiyo ishara ya kuanza kushuka. Geuza pia ncha za miguu nje kidogo.

Kwa draiva, weka mpira mbele, mkabala na kisigino cha mbele, na kijiti kinachoushikilia kiwe juu kiasi cha nusu ya mpira kuonekana juu ya kichwa cha fimbo. Lengo ni kuupiga fimbo ikiwa inapanda. Mwenye kasi ndogo akiupiga kwa kushuka anaua mruko, nao mruko ndio rafiki yake.

Hatua ya 7: Fimbo zifuate kasi uliyonayo leo

Fimbo nyingi tunazonunua ni za mitumba, na mara nyingi zilikuwa za kijana mwenye nguvu huko zilikotoka. Soma herufi kwenye mpini. S ni mgumu, R ni wa kawaida, A au M ni laini zaidi kwa kasi ndogo. Chini ya maili 85 nisingegusa S. Mpini mwepesi unasaidia pia.

Mwinamo wa uso wa draiva ni kosa la kiburi. Watu wanapenda nyuzi 9 kwa sababu ndizo wanazoona kwenye televisheni. Kwa maili 80 unahitaji 12 au hata zaidi, kwa kuwa mpira wa polepole usiporushwa juu unaanguka mapema. Fimbo namba 3, 4 na 5 za chuma zitoe kwenye mfuko wako wa fimbo, weka haibridi au wudi, fimbo zenye kichwa kinene zinazourusha mpira juu kwa urahisi. Sheria inaruhusu fimbo 14, haisemi ni zipi.

Na usijilinganishe na mwenzako kwa namba iliyoandikwa chini ya fimbo. Namba 7 ya zamani ina nyuzi 34 au 35. Nyingi za sasa zina 30 au pungufu. Anayekushinda kwa yadi 10 kwa namba 7 yawezekana anapiga namba 6 yako.

Hatua ya 8: Chagua tii kwa hesabu

Chukua umbali wako halisi wa namba 5, au haibridi iliyochukua nafasi yake, uzidishe kwa 36. Ukipiga yadi 150, uwanja wako ni wa yadi 5,400. Ukipiga 140, ni 5,040. Kama tii za nyuma zina yadi 6,500, pale kuna mashimo ambayo huwezi kufika grini kwa mikwaju iliyowekwa, hata ukipiga vizuri mara zote.

Najua uzito wa hatua hii. Nilikaa tii za nyuma hadi miaka 58, kwa sababu marafiki wote walikuwa pale. Nilikuwa nazungusha kwa hasira, mgongo ukawa unaniuma wiki nzima, na hiyo kasi niliyokuwa naitafuta ikawa inapungua kwa ajili ya maumivu. Siku niliyosogea mbele, swingi ilitulia. Mfumo wa dunia wa hendikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake, unaotumika tangu 2020, unakokotoa mikwaju yako kulingana na tii uliyochagua, hivyo unaweza kushindana na rafiki anayeanzia nyuma bila kumdhulumu mtu.

Mwaka 1979 Sam Snead, akiwa na miaka 67, alipiga 67 kisha 66 kwenye mashindano ya ligi kubwa ya Marekani. Tom Watson alikuwa na miaka 59 alipopoteza The Open ya 2009 kwa mashimo ya nyongeza. Phil Mickelson alishinda PGA Championship ya 2021 akiwa na miaka 50, na Bernhard Langer aliinua kombe la U.S. Open ya wazee mwaka 2023 akiwa na 65. Langer siku zile alikuwa akipitwa mbali kwa draiva na wengi aliocheza nao.

Hatua ya 9: Daftari

Tarehe, saa, hali ya ardhi, wastani wa yadi za angani, alama za chaki zilipoangukia, sekunde za kiti. Mara moja kila miezi mitatu. Mimi napima Januari, Aprili, Julai na Oktoba, Jumamosi ya kwanza. Sekunde za kiti zikipanda mara mbili mfululizo, naacha mipira kwa wiki mbili na kurudi kwenye ndoo na ngazi.